Kuzuru Mwanza kwa Fedha Chache

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wanakijiji wa Nyashimo, Wilaya ya Busega

Nimeombwa niseme habari za kwenda kutembea mjini, nami nimekubali kwa sababu msimu wa kuuza pamba umewadia, na mtu akishapokea fedha zake moyo wake huelekea Mwanza. Sikuja kumzuia mtu. Mwanza si mji wa kigeni kwetu: hadi mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, sisi wenyewe tulihesabiwa kuwa watu wa Mkoa wa Mwanza. Nimekuja kusema jinsi mwenye fedha kidogo awezavyo kuuona mji ule vema, na ni nani hasa alipaye gharama ya safari yake.

Katika nchi za baridi watu hungoja theluji iyeyuke na maua yachanue, ndipo watoke kwenda kutembelea miji. Sisi hatuna theluji, lakini tunao wakati wetu. Mwisho wa Mei mvua zimekwisha, matope barabarani yamekauka, mpunga na mahindi yamo ghalani, na asubuhi upepo wa ziwa ni wa baridi ya kupendeza. Tena wakati huo huo, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kuna ngoma za Bulabo huko Bujora, na kila Msukuma ajua kwamba neno hilo maana yake ni maua. Basi mwenye kutaka kwenda, na aende wakati huo.

Kwanza nitawasimulia kosa langu. Nilipokuwa kijana nilikwenda Mwanza kwa mara ya kwanza, nikafikia kwa baba yangu mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima, katikati ya mawe. Sikumpasha habari kwamba naja, wala sikuchukua kitu mkononi. Nilikaa siku tisa. Kila asubuhi nilipewa chai na mkate, nikashuka mjini kutazama maduka na meli, na jioni nikarudi kula samaki. Niliporudi nyumbani nilijisifu mbele ya wenzangu kwamba Mwanza ni mji rahisi sana, maana fedha zangu nilikuwa nimerudi nazo karibu zote.

Miaka mingi baadaye, mtoto wa baba mdogo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, alinieleza habari za siku zile tisa. Maji niliyooga yalinunuliwa kwa ndoo na kupandishwa kilimani kichwani. Mkate ule nilikula mimi peke yangu. Watoto walikunywa uji kabla sijaamka. Fedha iliyowekwa kwa mchango wake wa shule ilikwenda sokoni kununua samaki wa mgeni, naye akarudishwa nyumbani mpaka mchango upatikane. Aliyasema hayo akicheka, bila kinyongo. Mimi sikuweza kucheka. Kumbe safari yangu haikuwa rahisi hata kidogo. Ilikuwa imelipwa na mtoto wa darasa la tano.

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mjini hakuna jembe la kumpa mgeni. Hapa kwetu mgeni akizidi siku, tunaongeza unga chunguni na kumpeleka shambani nasi. Kule unga wanunuliwa kwa kilo, mkaa kwa kopo, na chumba hulipiwa kila mwezi. Ndugu yako hatakuambia, kwa maana heshima yamzuia. Kwa hiyo, anayetaka kufikia kwa ndugu ampigie simu kwanza, aseme siku atakayofika na siku atakayoondoka, na aitimize. Siku tatu zatosha. Achukue debe la mchele au unga, na maharagwe kidogo. Zaidi ya yote achukue michembe na matobolwa. Msicheke! Viazi vile tunavyovikausha juu ya mawe na kuviona kuwa chakula cha kawaida, watu wetu wa mjini huvitamani kuliko keki. Asiye na ndugu, au aliye na ndugu mwenye shida, atafute nyumba ya wageni ya bei ndogo mbali kidogo na katikati ya mji, aulize bei kabla ya kuweka mzigo chini, na alipe mapema usiku wote atakaolala, ili fedha ya kitanda isije ikaliwa.

Sasa habari za njiani. Wengi husinzia garini mpaka kituoni, na hilo ni hasara, kwa kuwa nusu ya mambo ya kuona yako kabla ya kufika mjini. Kisesa ndipo pa kushuka kwa ajili ya Bujora. Hapo Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianzisha makumbusho ya mambo yetu. Ziko ngoma za watemi, vifaa vya wahunzi, nyumba ya msonge, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake pale atapata mafunzo ya kutosha muhula mzima. Na siku za Bulabo utawaona Bagika na Bagalu wakishindana. Hucheza kwa wakati mmoja, kila upande mahali pake, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hapana hakimu mwingine ila miguu ya watazamaji. Nimeona watu wakikimbia kutoka upande huu kwenda upande wa pili kwa sababu mchezaji mmoja ametoka na chatu shingoni, na wale waliokimbiwa wakaleta nungunungu kuwarudisha. Mimi mwenyewe nilikimbia mara tatu, nikapoteza kiatu.

Mbele ya Kisesa ni Igoma. Hapo wamezikwa wengi wa wale waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walipotea, na wengine walizikwa pasipo kutambuliwa. Mkipita hapo nyamazeni kidogo.

Mabasi ya barabara yetu huishia kituo cha Nyamhongolo, na kutoka hapo daladala huwapeleka watu mjini kwa nauli ndogo. Mpita njia akikujia na kushika mzigo wako akisema atakusaidia, mshukuru na uushike mwenyewe.

Mjini, mambo mengi yaliyo mazuri hayana kiingilio. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la waziri mkuu wa Ujerumani, limesimama majini mahali pa kutazamwa na kila mtu, tajiri na maskini sawasawa. Mji wenyewe ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kuwa kituo cha utawala, na reli iliufikia mwaka 1928, ndipo pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Nenda Makoroboi, palipopata jina kutokana na taa za makopo zilizokuwa zikitengenezwa hapo. Nenda Mlango Mmoja ukitaka nguo za mitumba, lakini nenda siku ya mwisho, baada ya kutenga nauli ya kurudi. Asubuhi na mapema nenda mwaloni Kirumba. Utaona magunia ya dagaa yakipimwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, na utasikia lugha nyingi kuliko ulizosikia maisha yako yote. Mimi nilisimama pale saa nzima bila kutoa senti, nikajifunza bei ya dagaa wanaotoka katika ziwa letu wenyewe, na tangu siku hiyo mchuuzi wa dagaa hapa kwetu hanidanganyi.

Mwenye kutaka kupanda chombo bila kufika mbali, na apande kivuko cha Kamanga kwenda ng'ambo ya Sengerema na kurudi. Kutoka majini utauona mji wote na vilima vyake vya mawe, na nyumba zilizopandiana juu kana kwamba zimeshikwa kwa gundi. Kule juu ndiko lilikokuwa kwa baba yangu mdogo. Kisiwa cha Saanane nacho kiko karibu sana na mji. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Hicho kina kiingilio na nauli ya mashua, lakini raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nchi nyingine. Ikiwa fedha zako zatosha jambo moja tu la kulipia, chagua Saanane kwa watoto, na kivuko kwa watu wazima.

Kuhusu kutunza fedha sitasema mengi. Ile ya ada, mbegu na dawa za pamba iache nyumbani au benki kabla hujapanda gari, wala usiiweke katika simu unayokwenda nayo mjini, maana kidole hakina subira mbele ya duka.

Baba mdogo alifariki, bali mama mdogo yupo, naye sasa anaishi chini ya kilima. Juma lililopita alinipigia simu kuuliza nitafika lini. Nilimwambia Ijumaa baada ya kuuza pamba, na kuondoka Jumatatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama michembe ya mwaka huu imekauka vizuri. Gunia liko tayari mlangoni. Wenye maswali sasa waulize.