Kinga ya Ukanda wa Kinu

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ukaguzi wa mahali pa kazi. Wengi wakisikia maneno hayo hudhani ni habari ya viwanda vikubwa vya mijini, vyenye mabomba marefu ya moshi na watu kwa mamia. Sivyo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zahusu pia karakana ya seremala, banda la fundi wa kuchomea vyuma, na kinu cha kusagia mahindi chenye watumishi wawili. Basi na tuchukue kinu, maana hakuna asiyekijua.

Tulipata kuingia katika kinu kimoja siku ya gulio. Akina mama walikuwa wamepanga madebe yao tangu mlangoni hata karibu na mtambo, na unga ulikuwa umetanda hewani kama ukungu. Ukanda ulikuwa ukizunguka wazi kabisa, hatua moja tu kutoka pale waliposimama. Nyuma ya mlango tuliona wavu wa chuma umeegemezwa ukutani, umejaa vumbi. Tukamwuliza kijana mwendesha mtambo, "Wavu huu ni wa nini?" Akajibu bila kuficha, "Ni kinga ya ukanda, wazee wangu. Tunaiweka siku anapokuja mkaguzi."

Tusimcheke kijana huyo, kwani alikuwa na sababu. Ukanda ukilegea huteleza, na kila mara alipotaka kuukaza ilimbidi kufungua nati nne za kinga, kisha kuzifunga tena, na huku watu wamngoja kwa manung'uniko. Siku moja aliiondoa, akaona kazi inakwenda upesi, asiirudishe. Hivyo ndivyo kinga nyingi ziondokavyo. Haziondolewi na mtu mbaya, bali na mtu mwenye haraka.

Lakini tuipime hiyo haraka. Wanafunzi, shikeni kalamu zenu. Gurudumu lenye upana wa sentimita 20 lina mzingo wa sentimita 63 hivi. Likizunguka mara 1500 kwa dakika, ndiyo mara 25 kwa sekunde moja. Zidisheni, nanyi mtaona kwamba ukanda wapita zaidi ya mita 15 kwa kila sekunde. Kanga ya mama ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Upindo wake ukishikwa pale ukanda uingiapo juu ya gurudumu, kanga nzima yaweza kumezwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo hakuna awezaye kupiga kelele, wala kukimbilia kuzima mtambo.

Wazee wetu husema, ajali haina kinga. Ni kweli kwamba mwanadamu hajui ya kesho. Lakini twalitumia neno hilo vibaya tukilifanya kuwa pazia la uvivu. Ajali ya ukanda ina kinga, nayo ile siku ilikuwa imeegemea nyuma ya mlango.

Na sisi tulifanya nini? Tuliutazama wavu ule, tukatikisa vichwa, tukachukua unga wetu, tukaondoka. Hilo latuuma hata leo. Maana tulipopita tena baada ya miezi michache, yule kijana hakuwapo. Mkono wake wa kuume ulikuwa umeingia chini ya ukanda alipokuwa akiusafisha huku unazunguka, na vidole vitatu vilikatika.

Mwenye kinu alitusimulia habari alizokuwa hajamwambia mtu. Kabla ya siku hiyo, kanga ya mama mmoja ilikuwa imeshikwa na ukanda. Kwa bahati ikachanika, yule mama akaanguka tu. Mwenye kinu akamnunulia kanga nyingine, wakaelewana, na neno likaisha. Halikuandikwa mahali popote. Mkaguzi alipokuja baada ya kijana kuumia, swali lake la kwanza halikuwa juu ya wavu. Alisema, "Bwana, naomba kitabu cha ajali." Kikaletwa kitabu cheupe kabisa. Mkaguzi akasema, "Kanga ile ilikuwa barua uliyoandikiwa, Bwana, nawe hukuisoma."

Hapo akaamuru kinu kisimame mpaka ukanda ufungwe. Wako waliomnung'unikia, maana akina mama walilazimika kwenda mbali na madebe vichwani. Lakini amri hiyo si ukali wa mtu. Sheria humpa mkaguzi njia mbili: akiona kosa, aweza kutoa muda wa kulitengeneza, akiona hatari iliyo karibu kuua au kujeruhi, aweza kukataza mtambo usitumike mpaka hatari iondoke.

Wala kazi hiyo haikuanza jana. Huko Uingereza, watoto walipokuwa wakiumia katika viwanda vya pamba, sheria ya mwaka 1833 iliweka wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima. Mwaka 1844 sheria nyingine ikaamuru mitambo izungushiwe kinga, ikakataza watoto wasisafishe mitambo inayozunguka. Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950. Tazameni basi: jambo lililomkata kijana wetu vidole lilikuwa limekwisha kutambuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Aliumizwa na hatari ya kale iliyokuwa na dawa ya kale.

Sasa, mwenye biashara ndogo afanye nini? Kwanza, aandikishe mahali pake pa kazi, asingoje kutafutwa. Pili, kila asubuhi kabla ya kuwasha mtambo azunguke mwenyewe akitazama: kinga i mahali pake? Nyaya za umeme zimechubuka? Mlango wafunguka, au umezibwa kwa magunia? Mafuta yako mbali na moto? Tatu, mtambo usisafishwe wala kukazwa ukanda kabla haujazimwa na kusimama kabisa. Nne, kila ajali iandikwe, hata ile iliyokosa kumwumiza mtu. Na ajali kubwa ipelekewe wakubwa habari upesi. Tano, kinga iwe rahisi kutumika. Kinga yenye kumsumbua mfanyakazi haitakaa mahali pake.

Na mtumishi naye ana wajibu. Sheria yamkataza kuharibu au kuondoa kwa makusudi kitu kilichowekwa kwa usalama. Akiona hatari, amwambie bwana wake. Na bwana mwenye hekima hatamkasirikia, kwa sababu maneno ya mtumishi huja bila gharama, bali ajali haiji bila gharama.

Kinu kile chasaga tena. Fundi wa kijijini aliitengeneza kinga upya, akaitia bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili. Sasa ukanda waonekana ndani ya wavu, na mtambo ukisimama, kinga hufunguliwa kama mlango wa kabati. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Yule kijana amerudi kazini. Apima nafaka na kupokea fedha, naye anaandika kitabu cha ajali kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zimepinda, lakini zasomeka.

Basi, wasikilizaji, kesho mtakapopeleka mahindi kinuni, tazameni ukanda. Kama u wazi, msifanye kama tulivyofanya sisi. Semeni, kwa adabu, lakini semeni. Mkaguzi huja siku moja, naye huenda zake; ukanda huzunguka kila siku.

Kwa herini.