Aliyefanikiwa Hakufika Peke Yake
(Hotuba ya Kamati kwenye harambee ya mwaka)



Kila Desemba tunapanda mlimani kwenda kuhesabiwa. Tukifika tu, tunaanza kupimana: nani kajenga, nani kabadilisha gari, nani kakwama. Aliyefanikiwa tunasema amejituma. Aliyekwama tunasema mvivu. Tunaomba tuyatazame maneno hayo kabla ya kufungua bahasha.

Bidii ina nafasi yake, wala hatumnyang'anyi mtu jasho lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini mvunguni lazima kwanza kuwe na kitu, na tulichokikuta sisi kiliwekwa na wengine.

Wazee walichimba mifereji ya kuleta maji vihambani kabla mkoloni hajafika. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa hiyo ndiyo iliyolipa ada na kununua sare za wengi waliomo ukumbini humu, au za baba zao. Udongo wa volkano na mvua ya mlimani hatukuvifanyia mtihani. Shule za misheni nazo zilifika kwetu mapema, wakati sehemu nyingi za nchi hazikuwa na shule. Mtoto wa huko hakutuzidi uvivu. Alikosa darasa la kuingia.

Leo hali hiyo imehamia kwetu wenyewe. Vihamba vimegawanywa hadi vimekuwa vipande, na kahawa haisomeshi tena kama zamani. Tangu mwaka 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tunashukuru. Hata hivyo, ada siyo shule yote. Binti anatembea asubuhi bila kula, anashinda na njaa hadi jioni, kisha anaingia kwenye mtihani wa kemia kwa vitendo akutane na vifaa ambavyo hajawahi kuvishika. Mwenzake wa mjini ana basi la shule, chakula cha mchana na masomo ya ziada. Matokeo yakitoka, mmoja tunamwita kichwa, mwingine tunasema hakusoma. Cheti kinaonyesha alama. Hakionyeshi njaa wala umbali.

Ndiyo maana mwaka huu Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, zawadi ya mwanafunzi bora ibaki, lakini sehemu kubwa ya mfuko iende kwenye chakula cha mchana na vifaa vya maabara, vitakavyomfikia kila mtoto. Tukimzawadia wa kwanza peke yake, mara nyingi tunamwongezea aliyekwisha kupata. Pili, majina ya wachangiaji yaandikwe kwa alfabeti, bila kutaja kiasi. Mama anayeuza ndizi sokoni akitoa elfu tano, huenda ametoa zaidi ya anayetoa milioni.

Tunajua wapo watakaosema, "Mimi nilihangaika mwenyewe, na wao wahangaike." Ndugu, tulihangaika kweli. Lakini tulihangaika tukinywa maji ya mfereji tusiouchimba.

Basi mchango wa leo tusiuite msaada. Ni zamu yetu ya kuzibua mfereji, ili maji yafike na chini.

Karibuni tutoe ahadi zetu.