Kabla ya Nguzo Kusimama: Vipimo na Mipangilio ya Kompyuta katika Usanifu wa Njia ya Umeme

Matini ya mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata



Mkazi anapowaona mafundi wakichimba mashimo ya nguzo, sehemu kubwa ya maamuzi imekwisha kupita. Mahali itakaposimama kila nguzo, urefu wake, na kimo cha waya juu ya barabara ya kijiji vimeamuliwa ofisini na mhandisi aliyekaa mbele ya kompyuta. Programu zitumikazo katika kazi hiyo ni kadhaa. Mojawapo ijulikanayo sana duniani ni PLS-CADD, iliyoasisiwa na kampuni ya Power Line Systems ya Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Programu ya namna hiyo hufanya kwa dakika chache hesabu ambazo zamani zilimchukua mhandisi siku nyingi. Hata hivyo haijui shamba la mtu wala njia ya ng'ombe. Inajua namba tu, na namba haina maana mpaka ifuatane na kizio chake: mita au futi, kilo au nyutoni, ekari au hekta.

Jambo hili linamhusu mkazi moja kwa moja. Kosa la mpangilio likipita kompyutani bila kuonekana, huja kuonekana shambani: kigingi kimechomekwa kwa mtu asiyehusika, au waya umening'inia chini mno juu ya njia wanayopita wachukuzi wa mahindi.

Uamuzi wa kwanza wa mhandisi anapofungua kazi mpya ni kuchagua vizio. Programu nyingi za fani hii zimezaliwa Marekani, ambako futi na ratili bado ndivyo vipimo vya kila siku vya wahandisi, kwa hiyo humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua kati ya vipimo hivyo na vile vya metriki. Nchini Tanzania metriki ndiyo rasmi, ingawa mtaani mbao bado huuzwa kwa inchi na futi, na kiwanja bado hupimwa kwa hatua. Mchanganyiko huo si jambo la kudharau hata kwa mataifa yenye vifaa bora. Mwezi Julai 1983 nchini Kanada, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu kiasi kilichotakiwa, kilo 22,300, kilikokotolewa kana kwamba ni ratili. Ratili ni chini ya nusu ya kilo. Marubani waliishusha bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kizio.

Katika njia ya umeme, kosa la namna hiyo hujificha kwenye waya. Upo waya wa alumini wenye kiini cha chuma uitwao Dog, unaojulikana vyema na mafundi wa njia za kilovolti 33. Kilomita moja ya waya huo ina kilo 394, yaani kila mita ni kilo 0.394. Lakini katika hesabu ya nguvu uzito hupimwa kwa nyutoni, na kilo moja ni sawa na nyutoni 9.81 hivi. Tuseme nguzo mbili zimeachana mita 100 na waya umevutwa kwa nyutoni 6,500. Ukiingizwa uzito sahihi, waya utanepa kama sentimita 74 katikati. Namba 0.394 ikiandikwa mahali panapodai nyutoni, kompyuta itaamini kwamba waya ni mwepesi mara kumi, na itatoa mnepo usiofika sentimita 8. Mhandisi mzoefu atashtuka, kwa kuwa hakuna waya wa namna hiyo unaonyooka kama rula. Asiye mzoefu anaweza kuukubali na kuagiza nguzo fupi.

Ni vizuri mkazi ajue pia kwamba mnepo haukui sawasawa na nafasi kati ya nguzo. Nafasi ikiongezwa mara mbili huku mvuto ukibaki uleule, mnepo huongezeka mara nne. Katika mfano uliotajwa, mita 200 zingeleta mnepo wa karibu mita tatu. Ndiyo sababu waya unaovuka korongo pana huonekana umelegea sana kuliko waya wa barabarani, na huenda mafundi hawana kosa lolote.

Joto nalo lina mpangilio wake. Waya hurefuka unapopata moto wa jua na wa umeme unaopita ndani yake, na mnepo wa mchana, njia ikiwa imebeba mzigo mkubwa, huweza kuzidi mara mbili ule wa asubuhi ya baridi. Kimo cha waya juu ya ardhi hukaguliwa kwa joto la juu kabisa linalotarajiwa kwenye waya wenyewe, ambalo mara nyingi huwekwa kuwa nyuzi 75 za Selsiasi. Joto la hewa pekee halitoshi. Mpangilio huo ukiachwa kwenye nyuzi 25, mchoro utapendeza, na kila barabara itaonekana ina nafasi ya kutosha. Kinyume chake pia hutokea. Kanuni za Marekani zina hali ya hewa ya ukanda wa baridi kali, ambapo waya huhesabiwa kuwa umegandiwa na barafu ya nusu inchi kuuzunguka, katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mhandisi akirithi faili la namna hiyo bila kulibadilisha, njia ya umeme ya Singida itajengwa kuhimili barafu isiyokuja kamwe, na gharama ya nguzo za ziada atailipa mwananchi.

Kosa linalostahili kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni lile la mahali. Kila nukta ya ardhi huingizwa katika programu kwa majira-nukta, yaani jozi ya namba inayoonesha umbali kuelekea mashariki na kuelekea kaskazini. Namba hizo hutegemea mfumo wa rejea uliotumika. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa katika mfumo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia mfumo wa WGS 84. Jozi ileile ya namba, ikisomwa katika mifumo hiyo miwili, huonesha mahali pawili palipoachana kwa takriban mita 300.

Hapo ndipo penye hatari. Nchi imegawanywa pia katika kanda za ramani, nyingi ya ardhi yake ikiwa katika kanda ya 36 na ya 37, na mpaka wa kanda hizo mbili unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Mhandisi akikosea kanda, njia yake itaruka mamia ya kilomita na kila mtu ofisini atacheka na kusahihisha. Mita 300 hazichekeshi mtu. Njia bado inapita katika kijiji kilekile, bado inavuka mto uleule, na kompyuta haitoi onyo lolote. Vipimo vipya vya ardhi vikiwekwa juu ya ramani ya zamani ya mashamba bila kubadilishwa mfumo, orodha ya waathirika itakuwa na majina ya watu halisi, tena majirani, lakini siyo wale ambao mihogo yao itakatwa. Mmoja atatembelewa na mthamini bila sababu. Mwingine ataamshwa na sauti ya msumeno.

Dawa ya kosa hilo haihitaji elimu ya uhandisi. Huchaguliwa kitu ambacho kila mtu anakijua, kama vile daraja au pembe ya jengo la shule, kisha huangaliwa kama mchoro unakionesha pale kilipo. Wapima ardhi wakija kijijini, mwenyekiti wa kitongoji anayo haki ya kuomba aoneshwe hilo. Aliyezaliwa pale hubaini upesi kuliko mgeni kwamba mwembe umehamia ng'ambo ya kijito.

Palipo na fidia, kizio cha eneo kisomwe kwa makini. Ukanda wa upana wa mita 10 unaopita mita 400 ndani ya shamba una mita za mraba 4,000, yaani hekta 0.4, ambayo ni pungufu kidogo ya ekari moja. Fomu ikiandikwa 0.4 peke yake, kisha ikasomwa kuwa ni ekari, mwenye shamba atahesabiwa chini ya nusu ya eneo lake. Asiweke sahihi wala dole gumba kwenye namba isiyo na kizio.

Limebaki moja, nalo liko mikononi mwa wakazi kuliko mhandisi. Kila nukta iliyopimwa hupewa alama ya utambulisho katika programu: hii ni barabara, hii ni nyumba, hii ni mto, hili ni shamba tupu. Kwa kila alama mhandisi huweka kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwa waya, na barabara hudai kimo kikubwa kuliko shamba. Mpima ardhi aliyefika mwezi wa pili anaweza kuona ujia mwembamba ulioota nyasi, akauandika kuwa shamba. Wakazi wanajua kwamba mwezi wa saba ujia huohuo hupitisha malori yaliyopakiwa magunia, na vijana wameketi juu ya mzigo. Programu itaendelea kuhesabu shamba mpaka mtu aseme.

Kwa hiyo vijana wanaofuatana na wapima ardhi wapewe majina ya njia zote za msimu, mapito ya mifugo, na viwanja ambavyo familia zinakusudia kujenga karibuni. Orodha hiyo iandikwe, isainiwe na mwenyekiti wa kijiji, na nakala yake ibaki kwa mtendaji kabla wapima hawajaondoka. Nguzo zikishashushwa kando ya barabara, alama moja kwenye kompyuta bado inaweza kubadilishwa kwa sekunde chache, lakini nguzo fupi haiwezi kurefushwa.