Nani Alipie Basi la Pembezoni?



Nimeombwa nizungumzie swali linalozidi kuulizwa kila mji unapotanuka: je, usafiri wa mabasi katika miji inayokua pembezoni mwa jiji ugharimiwe kwa kodi, au kila abiria ajilipie nauli na mambo yaishie hapo? Nitajibu kwa kuutazama ukanda wetu huu wa Dar es Salaam na Pwani.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Ile ya 2022 ilikuta 2,024,947. Hilo ni ongezeko la asilimia 6.1 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam yenyewe iliongezeka kwa asilimia 2.1. Yeyote apitaye Kibaha, Mlandizi au Vikindu ameona kwa macho yake nyumba zikiota mahali palipokuwa na mikorosho. Kiwanja kilipatikana kwa bei nafuu, lakini ajira, hospitali kubwa na masoko makuu kwa sehemu kubwa yamebaki mjini. Unafuu wa kiwanja, kwa hiyo, hulipwa taratibu, kila alfajiri, kituoni.

Tuanze na namna daladala inavyojiendesha. Mmiliki humkabidhi dereva gari na kumpangia hesabu ya siku. Dereva na kondakta hununua mafuta, hulipa hesabu, na kinachobaki ndicho chao. Kwa utaratibu huo hakuna wa kumlaumu dereva anayekwepa safari ya saa tano usiku kwenda mwisho wa njia, au anayekatisha ruti njiani akageuza na abiria wengi. Mtaa wenye nyumba zilizotawanyika, abiria kumi kwa saa, hauwezi kumlipia mafuta. Ndipo mkazi wa huko hushuka barabara kuu akapanda bodaboda, na pengine bodaboda ya kilomita mbili ikamgharimu zaidi ya daladala ya kilomita kumi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwanafunzi. Katika viwango vya nauli vilivyoanza kutumika Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 iliwekwa kuwa Sh 600, na mwanafunzi akaachiwa Sh 200 yake. Ni uamuzi mwema. Lakini ile Sh 400 iliyosamehewa inatoka wapi? Haitoki Hazina wala halmashauri. Inatoka katika hesabu ya gari. Kila mwanafunzi anayeketi wakati wa msongamano ni pungufu kwa kondakta, naye hulifidia kwa njia tunayoijua sote: mkono mlangoni, na maneno kwamba wanafunzi wawili tu. Tunamtoza faini anapobainika, na ni haki kumtoza. Hata hivyo, mimi naona si uungwana taifa kutoa ahadi kisha kumkabidhi kondakta bili yake. Hapa ndipo fedha ya kodi ina hoja nzito kuliko mahali pengine popote: tofauti ya nauli ya mwanafunzi ilipwe na umma ulioiahidi.

Wapo watakaosema tulikwisha kujaribu. Ni kweli. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 likiwa mali ya umma. Nauli zilishikiliwa chini, fedha za kununua mabasi mapya na vipuri hazikutosha, jiji likakua, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, yakaitwa daladala kwa ile sarafu ya shilingi tano. Kisa hicho mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba umma hauwezi kuendesha mabasi. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Nauli ya chini bila ruzuku ya uhakika ndiyo iliyoliumiza shirika, na mzigo uleule tumeuhamishia kwa kondakta.

Wala si kweli kwamba leo kodi haimo katika usafiri. Miundombinu ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kuhudumu Mei 2016, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo hulipwa na walipa kodi. Mwaka 2021 iliongezwa Sh 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini, na abiria wa daladala anaichangia kila anapolipa nauli. Barabara tunazilipia pamoja. Ni basi lenyewe tu tunalomwachia kila mtu na mfuko wake.

Suala gumu ni kodi ipi. Mkulima wa Namtumbo hana sababu ya kulipia basi la Vikindu, kwa hiyo chanzo kiwe cha hapa hapa. Ufaransa, tangu 1971, waajiri wa eneo la Paris hutozwa mchango wa usafiri kulingana na mishahara wanayolipa, kwa kuwa wao ndio wanaofikishiwa wafanyakazi. Kwetu, penye waajiri wengi wasio rasmi, hilo lingewaangukia wachache. Mimi ningeelekea kwenye ardhi na majengo, kwa sababu kiwanja hupanda bei siku basi linapofika. Ila tahadhari: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji, tunza risiti zako za umeme na udai kurejeshewa katika kodi ya nyumba.

Fedha ikipatikana, isigawiwe tu kwa wenye mabasi. Halmashauri inunue kitu kinachohesabika: safari ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, ya mwisho saa tano usiku, kufika mwisho wa ruti, malipo kwa kilomita zilizotembewa, na ratiba ibandikwe kituoni ili abiria awe mkaguzi. Basi lisilokwenda lisilipwe. Bila masharti hayo, ningepiga kura ya hapana.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla yake. Kwa hiyo pelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa mapema, mkiitaja ruti, saa na idadi ya siku ambazo gari halikufika. Ruti ikikatishwa au mwanafunzi akikataliwa, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha toa taarifa siku hiyohiyo.