Bei ya Mafuta Ikishuka Duniani, Nini Hutokea Lokichar?

Mada iliyotolewa katika kikao cha wakazi kuhusu uchumi wa Turkana Kusini



Tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima cha Ngamia 1 kilichochimbwa na kampuni ya Tullow. Siku hizo pipa moja la mafuta ghafi lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 100 katika soko la dunia. Miaka minne haikuwa imetimia, na kufikia Januari 2016 pipa hilohilo liliuzwa kwa chini ya dola 30.

Hakuna mkazi wa Turkana aliyeamua bei hiyo ishuke. Marekani ilikuwa imeongeza sana uzalishaji wake. Nchi wanachama wa OPEC zilipokutana Vienna mwezi Novemba 2014, zilikataa kupunguza mafuta zinayotoa, na soko likafurika. Mwaka 2020 hali ilikuwa mbaya zaidi. Janga la korona lilisimamisha ndege, magari na viwanda, na tarehe 20 Aprili bei ya mafuta ya Marekani ikashuka chini ya sifuri. Matangi yalikuwa yamejaa, kwa hiyo muuzaji alimlipa mnunuzi ili ayaondoe.

Maamuzi hayo hufanyika mbali, lakini huishia katika mifuko ya watu wa hapa. Ndiyo sababu suala la bei si la wataalamu pekee. Linamhusu mlinzi, mpishi wa kambi, dereva, mama wa mkahawa na kila aliyechukua mkopo kujenga nyumba za kukodisha akitegemea kwamba wapangaji watatoka katika kambi za mafuta.

Kwa nini kazi hupotea haraka

Eneo ambalo tayari linatoa mafuta kwa wingi halifungwi mara moja bei inaposhuka. Gharama kubwa za visima na mabomba zimeshalipwa, hivyo kampuni huendelea kuvuta mafuta hata kwa faida ndogo. Eneo ambalo bado liko katika hatua ya utafutaji, kama lilivyokuwa bonde la Lokichar wakati huo, hutegemea fedha ambazo wawekezaji hawajazitoa bado. Bei ikianguka, fedha hizo ndizo huzuiwa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bei ilipoporomoka baada ya 2014, Tullow na washirika wake walipunguza matumizi ya utafutaji. Uchimbaji wa visima ulirejea Turkana mwishoni mwa 2016, kwa kisima cha Erut 1. Mwezi Juni 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar hadi Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na mapipa 200,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Matumaini yakapanda tena. Kisha mvua za mwisho wa mwaka huo ziliharibu barabara, malori yakasimama, na korona ikaingia. Mei 2020, Tullow na mshirika wake Total walitoa notisi kwamba hali iliyo nje ya uwezo wao imewazuia kutimiza mkataba. Notisi hiyo iliondolewa miezi michache baadaye, lakini kasi ya kazi haikurudi. Mwaka 2023 Total na Africa Oil walijiondoa katika mradi. Mwaka 2025 Tullow nayo ilikubali kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali yake yote ya Kenya kwa angalau dola milioni 120.

Si kila tukio hapo lilisababishwa na bei pekee. Ushuru, ardhi, usalama na barabara vilichangia. Pia mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba la kwenda Lamu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 800, lingehitaji kupashwa joto njia nzima. Mradi wenye gharama kama hizo huhimili bei ikiwa juu, na huwa wa kwanza kuahirishwa bei ikishuka.

Mtambo mmoja wa kuchimba ukiondoka, hauondoki peke yake. Nyuma yake huondoka walinzi, madereva wa magari ya maji, wafua nguo, wauza nyama na wenye magari ya kukodi. Mlinzi asiye na mshahara hanunui mbuzi sokoni, hamalizi karo ya mtoto na hulala kwa jamaa badala ya kulipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba naye bado anadaiwa na benki. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kambini anaweza kuumia kuliko aliyefanya kazi humo.

Oktoba 2013 wakazi waliandamana wakidai ajira na zabuni, hadi kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Mwaka 2018 malori yalizuiwa barabarani kwa madai ya usalama, ajira na mgao. Madai hayo yalikuwa na msingi. Hata hivyo, swali la nani atapata kazi lilifunika swali jingine muhimu: kazi hiyo itadumu kwa muda gani?

Upande wenye nafuu

Bei ikishuka, mtu wa bodaboda hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Turkana iko mbali na bandari. Unga, sukari na saruji huja kwa malori kupitia Kitale, na gharama ya dizeli imo ndani ya kila pakiti inayouzwa Lodwar, Kakuma au Lokitaung. Mashua za injini ziwani na jenereta za visima vya maji pia hutumia mafuta. Bei ya petroli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, na katika miji ya mbali ilizidi hapo. Kila shilingi inayopungua ni ahueni kwa familia nyingi kuliko zile zilizowahi kupata mshahara wa kambi.

Lakini bei ya kituoni haishuki sawa na bei ya pipa. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, ikizingatia shehena zilizokwisha kuingia nchini, hivyo nafuu huchelewa kufika. Sehemu kubwa ya bei ni kodi na tozo. Ushuru wa thamani kwa mafuta ulipanda hadi asilimia 16 mwaka 2023, na tozo ya matengenezo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Tozo ya shilingi 25 hubaki shilingi 25 hata pipa likiuzwa kwa bei ya kutupa. Tena mafuta hununuliwa kwa dola. Shilingi ikidhoofika, humeza nafuu yote.

Kuna pia familia zinazotegemea jamaa walio nje. Sudan Kusini ilikuwa ikipata karibu mapato yake yote ya serikali kutoka kwa mafuta. Bei ilipoanguka, Desemba 2015 nchi hiyo iliiachia sarafu yake ielee sokoni, ikapoteza thamani kwa kishindo, na Mkenya aliyefanya biashara Juba akajikuta na mtaji mdogo. Saudi Arabia nako, mwaka 2016, wafanyakazi wengi wa kigeni wa ujenzi walicheleweshewa mishahara au kuachishwa kazi. Familia inayoishi kwa pesa zinazotumwa kutoka huko inategemea bei ya mafuta hata kama haijui.

Mgao wa kaunti na jamii

Sheria ya Petroli ya 2019 inaigawa sehemu ya serikali katika mapato hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Wengi husikia asilimia 5 wakadhani ni asilimia 5 ya bei ya kila pipa. Sivyo. Ni sehemu ya kile ambacho serikali inapata baada ya kampuni kurudisha gharama na kuchukua fungu lake.

Tofauti hiyo ni kubwa, na mfano mwepesi wa hesabu unaionyesha. Namba hizi ni za mfano tu. Kama kutoa na kusafirisha pipa kunagharimu dola 40 na pipa linauzwa kwa dola 80, linabaki fungu la dola 40 la kugawana. Bei ikishuka hadi dola 60, linabaki fungu la dola 20. Bei imepungua kwa robo, lakini cha kugawana kimepungua kwa nusu. Bei ikifika dola 40, hakuna cha kugawana kabisa, ingawa mafuta bado yanatoka ardhini, malori bado yanapita na vumbi bado linaingia nyumbani.

Kwa hiyo fedha za mafuta, zitakapokuja, zitapanda na kushuka kwa kasi kuliko bei yenyewe. Kaunti ikiziweka katika mishahara ya kila mwezi, siku bei itakapoanguka italazimika kuachisha watu kazi au kukopa. Zikiwekwa katika visima vya maji, majosho, machinjio, barabara za kufikia masoko na elimu ya ufundi, bei ikianguka vitu hivyo hubaki. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 tayari inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kwa fedha za mafuta, wananchi wana haki ya kudai kiwango cha juu zaidi ya hicho, na kudai akiba ya miaka mibaya. Mahali pa kudai ni vikao vya umma vya bajeti, ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mfanyakazi asome mkataba wake kabla ya kutia sahihi, au asomewe na mtu anayemwamini. Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, alipe likizo ambazo hazikuchukuliwa, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Lakini mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake, kwa kawaida huko hakuhesabiwi kuwa kupunguzwa kazi. Ni vyema mtu ajue yuko upande gani mapema.

Pili, mwenye zabuni aangalie kipengele cha kusitisha kandarasi. Aliyenunua lori kwa mkopo wa miaka minne ilhali kandarasi yake ni ya mwaka mmoja amebeba hatari ya bei ya mafuta ya dunia mabegani mwake peke yake.

Tatu, mshahara wa mradi uhesabiwe kuwa mvua, si mto. Mvua hukingwa kwenye tangi inaponyesha. Sehemu yake iingie katika akiba ya sacco, karo ya chuo cha ufundi au mifugo.

Nne, jamii isiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya Ngamia 1, Turkana iliishi kwa mifugo, uvuvi wa ziwani na biashara ya mipakani, na kazi hizo ndizo bado zinalisha watu wengi. Mbuzi wana ukame na wizi wao, lakini bei yao haipangwi Vienna. Kijana aliyejifunza uchomeleaji au ufundi wa umeme kambini anaweza kuutumia Lodwar, Kitale au Kakuma hata kambi ikifungwa. Aliyejifunza kufungua geti pekee hana pa kuupeleka ujuzi huo.

Mwekezaji mpya amekuja, na kwake matumaini yamefufuka. Ni sawa kutumaini. Lakini kila anapokuja afisa au mwakilishi wa kampuni na kutaja idadi ya kazi zitakazopatikana, mkazi anapaswa kusimama na kuuliza maswali mawili zaidi. Kazi hizo zinategemea pipa liuzwe kwa bei gani? Na bei ikishuka chini ya hapo, nani atalipwa nini? Yeyote asiyeweza kujibu maswali hayo hajawa tayari kuahidi ajira.