Mto Mkubwa wa Ziwa Victoria Uko Angani

Mwanafunzi akiulizwa maji ya Ziwa Victoria hutoka wapi, atataja Kagera, Nzoia, Mara na Simiyu. Hakosei, ila mito yote ikijumlishwa huleta takribani sehemu moja tu kati ya tano. Nne zilizobaki ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Maji yakiondoka, mgawanyo ni uleule: Mto Nile huchukua kidogo pale Jinja, jua huchukua mengi.

Sababu ni umbo la ziwa. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu.

Hesabu za namna hii zina historia. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alichapisha makadirio yake kuhusu sehemu ya juu ya Mto Seine: mvua ya mwaka mmoja ilikuwa kama mara sita ya maji yaliyopita mtoni. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba mvua haitoshi kulisha mito, na kwamba bahari huyapandisha maji milimani kupitia njia za chini ya ardhi. Swali la Perrault linafaa kuulizwa Mwanza na Kisumu hadi leo: kilichonyesha ni kiasi gani, na kimekwenda wapi?

Mvua ya ziwani hufuata saa za siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yenye unyevu husukumwa kutoka ziwani hadi kwenye miinuko, na wakulima wa chai wa Kericho wanaijua vema mvua ya mawe ya alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, pepo za kila upande huelekea ziwani, hukutana, na hewa ikikosa pa kwenda hupanda juu, radi huanza. Saa hizo ndipo wavuvi wa dagaa wanapokuwa majini na taa zao. Dhoruba hizo zimeua watu wengi, na somo hili lisifundishwe kana kwamba ni mchoro wa mishale kitabuni.

Mvuke wa ziwa peke yake hautoshi kueleza mvua yote. Mwingine huletwa na pepo za Bahari ya Hindi, mwingine hutoka misitu ya Kongo. Mwaka 1961 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, huku maji ya karibu na Indonesia yakipoa. Vuli ikawa ya mafuriko, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mwishoni mwa 2019 bahari ilirudia hali ileile. Mei 2020 kipimo cha Jinja kiliivuka kidogo rekodi ya 1964, na familia za ufukweni Kenya, Uganda na Tanzania zikalazimika kuhama.

Tatizo la kupima bado lipo. Vipimo vingi vya mvua vimesimama nchi kavu, ilhali mvua kubwa hunyesha katikati ya maji, usiku. Visiwa kama Ukerewe na Ssese husaidia, satelaiti husaidia zaidi, na rada ya hali ya hewa ya Mwanza huyaona mawingu yakijikusanya. Mvuvi ana haki ya kupata tahadhari ya mawingu hayo kabla hajasukuma mtumbwi.