Nyumbu wa Tarangire huzalia nje ya hifadhi
Msikilizaji wa Sokon I hapa Arusha, nyumbu wakitajwa mawazo hukimbilia Serengeti. Wa Tarangire ni majirani zetu zaidi, nao wana lao: mvua zikianza hutoka hifadhini, wakazalie nyanda za Simanjiro. Watafiti wamepima nyasi za huko wakakuta fosforasi nyingi, madini anayoyahitaji mno mama anayenyonyesha. Kumbe hifadhi iliyotangazwa 1970 ililinda maji ya kiangazi, ikaacha nje leba yenyewe! Mwaka 2005 kijiji cha Terrat, huko huko Simanjiro, kilikubaliana na kampuni za utalii kilipwe, kisilime malisho hayo. Kwangu mimi, mkataba huo una akili kuliko uzio. Ila njia za kufika Simanjiro zinazidi kuzibwa na mashamba na makazi. Wapangaji wa matumizi ya ardhi waangalie hapo kwanza.